Deni Lilifika Kabla ya Reli

Mhadhara wa umma kuhusu afya ya hazina ya taifa

Hesabu za serikali huachiwa wataalamu, na hiyo ni sehemu ya ugonjwa nitakaouzungumzia. Nitajitahidi kusema kwa lugha ya nyumbani, maana fedha zenyewe zimetoka nyumbani.

Nianze na reli, kwa sababu mji huu wa Kisumu ulizaliwa na reli. Tarehe 20 Desemba 1901 reli iliyoanzia Mombasa ilifika hapa ufukweni, mahali ambapo wageni walipaita Port Florence. Miaka 116 baadaye, 2017, tulizindua reli ya kisasa ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa gharama ya Sh327 bilioni, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Ramani ilionyesha kwamba itapita Naivasha, ishuke Kisumu, kisha ielekee Malaba. Oktoba 2019 kikazinduliwa kipande cha Nairobi hadi Naivasha, Sh150 bilioni nyingine. Njia ikaishia kwenye nyika ya Suswa. Fedha za kuifikisha Kisumu hazikupatikana wakati ule.

Lakini tangu 2013 bidhaa zinazoingia nchini zimekuwa zikitozwa ada ya ustawi wa reli, iliyoanza kwa asilimia 1.5 ya thamani yake. Mwendesha bodaboda wa Kondele hapa mjini akinunua tairi lililoteremshwa bandarini Mombasa, ndani ya bei ile mna ada ya reli. Fundi wa Kibuye akinunua misumari ya kutoka nje, ada imo. Watu wa ziwa wamelipia garimoshi ambalo honi yake hawajaisikia. Deni lilifika Kisumu kabla ya reli.

Sisemi haya ili kulalamika kwa niaba ya mji mmoja. Turkana na Kwale wana malalamiko yao, na yana haki. Nasema kwa sababu kisa hiki kinaonyesha waziwazi kinachoiua hazina ya nchi: anayelipa hakuulizwa, hakuonyeshwa hesabu, na alichoahidiwa hakukipata. Hoja yangu ya leo ni moja. Hazina ya Kenya haitapona kwa kupandisha ushuru peke yake, wala kwa kukata matumizi peke yake. Itapona siku mlipa ushuru atakapoweza kulifungua daftari na kulisoma. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nitawaonyesha kwamba usemi huo ni sera ya uchumi.

Ugonjwa wenyewe

Juni 2013 deni la taifa lilikuwa chini ya Sh2 trilioni. Juni 2024 lilikuwa takriban Sh10.5 trilioni. Katikati ya 2025 lilikaribia Sh12 trilioni. Trilioni ni neno lisiloshikika mkononi, basi tuligawe. Chukua Sh10.5 trilioni zile za 2024, wagawie watu milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Kila mmoja anapata zaidi ya Sh220,000. Mtoto aliyezaliwa jana usiku katika hospitali yetu ya rufaa, ile tunayoiita Russia, ameshapata mgawo wake kabla hajapewa jina.

Deni si dhambi. Mkulima wa Muhoroni hukopa mbegu na mbolea, akavuna miwa, akalipa. Maradhi huanza pale riba inapokua kuliko mavuno. Katika mwaka wa fedha 2023/24, riba pekee ilimeza zaidi ya theluthi moja ya mapato ya kawaida ya serikali. Ukijumlisha riba na marejesho ya mikopo yenyewe, zaidi ya nusu ya mapato hayo ilikwenda kwa wadai. Na mdai hulipwa kwanza. Katiba imeliweka deni la umma kuwa mzigo wa moja kwa moja wa Hazina ya Pamoja, kwa hiyo mwalimu, daktari na kaunti hungoja kinachobaki.

Mizizi ya maradhi haya ni mitatu.

Mzizi wa kwanza uko ng'ambo. Mwaka 2014 tuliuza hatifungani yetu ya kwanza katika masoko ya kimataifa, dola bilioni 2. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu shilingi 87. Sehemu kubwa ya mkopo huo ilitakiwa kulipwa Juni 2024. Januari ya mwaka huo dola ilikuwa imepita shilingi 160. Hatukuwa tumeweka akiba ya kulipa. Februari tukakopa dola bilioni 1.5 nyingine, kwa faida ya zaidi ya asilimia 10 kwa wawekezaji, ili kununua sehemu ya mkopo wa zamani uliokuwa wa asilimia 6.875. Shilingi ikapata nguvu tena, na waliosimamia hatua hiyo walituepusha na aibu ya kushindwa kulipa iliyozipata Zambia mwaka 2020 na Ghana mwaka 2022. Lakini tuite jambo kwa jina lake: tulilipa deni la bei nafuu kwa deni la bei ghali.

Mzizi wa pili uko hapa nyumbani, na huu watu hawauoni. Zaidi ya nusu ya deni letu linadaiwa na Wakenya: benki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima. Katikati ya 2024 dhamana za serikali za miezi mitatu zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki pale Oginga Odinga Street. Mbele yako yuko mama wa Dunga anayeomba mkopo wa kununua jokofu la samaki. Nyuma yako iko serikali inayotoa asilimia 16 bila wewe kutoka nje ya ofisi. Utamkopesha nani? Ndivyo deni la Nairobi linavyomnyima mama wa Dunga jokofu, bila mtu yeyote kutia saini ya kumnyima.

Bahasha ya kaki

Mzizi wa tatu ni bili za kazi ambazo serikali imezipokea na haijazilipia. Hapa niruhusuni niwaonyeshe mtu mmoja. Jina lake nitalihifadhi, na kaunti aliyoifanyia kazi pia nitaihifadhi. Ni fundi wa mbao. Alishinda zabuni ya kutengeneza madawati ya shule za chekechea. Alikopa benki, akaweka rehani hati ya shamba aliloachiwa na baba yake. Alinunua mbao, akaajiri vijana wanne, akamaliza kazi kwa wakati. Madawati yakapokelewa, karatasi zikapigwa muhuri.

Nilipomtembelea alinitolea bahasha ya kaki kutoka chini ya godoro. Ndani mlikuwa na oda ya ununuzi, hati ya kupokea mali, na ankara. Karatasi zimekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mno, mikunjo imekatika, naye ameziunga kwa selotepu. Watoto waliokuwa wa kwanza kuyakalia madawati yale sasa wako gredi ya tatu. Hajalipwa. Mashine yake ya randa aliiuza ili benki isiliuze shamba. Vijana wanne wakatawanyika. Mmoja, aliniambia, anaendesha bodaboda ya mtu.

Tazameni kilichotokea hapo. Serikali ilimkopa mtu ambaye hakukubali kukopesha. Hakulipwa riba, hakutajiwa tarehe. Fedha hizo hazimo katika zile trilioni nilizozitaja, kwa sababu bili isiyolipwa haihesabiwi pamoja na mikopo. Kwenye vitabu kaunti ile inaonekana haina mkopo hata mmoja, na kumbe imekopa godoro kwa godoro, bahasha kwa bahasha.

Hasara haiishii kwake. Fundi mwenye akili anayesikia kisa hiki ataachana na zabuni za serikali. Wanaobaki ni wa aina mbili: aliye na fedha za kungoja miaka mitatu, naye ataongeza bei kufidia kungoja kwake, na aliye na mtu ofisini wa kulisukuma faili lake, naye ataongeza bei kumlipa huyo mtu. Dawati la Sh5,000 linakuwa la Sh8,000. Serikali isiyolipa kwa wakati hununua kila kitu ghali, milele.

Katika ngazi ya taifa mambo ni yale yale kwa kipimo kikubwa. Mwaka 2023 iliundwa kamati maalumu ya kuchunguza madai ya kuanzia 2005 hadi 2022. Madai ya miaka 17! Mwaka 2025, ili kuwalipa wakandarasi wa barabara, serikali iliamua kuweka rehani shilingi 7 za ada ya barabara katika kila lita ya mafuta, ipate Sh175 bilioni mara moja. Nafurahi kwamba wakandarasi wanalipwa. Lakini ada ile ilikuwa ya kuziba mashimo ya kesho, na tumeitumia kulipia lami ya jana.

Nchi imesema

Mtu anaweza kudhani kwamba sisi wa ziwani tumeanza juzi kuuliza habari za ushuru. Sivyo. Enzi ile ile ya reli ilikuja kodi ya nyumba, kisha kodi ya kichwa. Mzee wa Nyanza alilipa ili utawala ujigharimie, naye hakuona shule wala zahanati yenye thamani ya alichotoa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kodi ilipanda hadi shilingi 16. Tarehe 23 Desemba 1921, miaka 20 na siku tatu tangu garimoshi kufika Port Florence, watu walikusanyika Lundha, Gem. Wakadai kodi ipunguzwe, kipande cha utambulisho kiondolewe, kazi za kulazimishwa zikomeshwe, na shule zijengwe. Vuguvugu lao likaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema.

Tuliangalieni jina hilo vizuri. Enzi ile aliyesema na kuamuru ilikuwa serikali. Watu wale, wakiongozwa na walimu waliosoma misheni, waliweka nchi mahali pa serikali. Mwaka uliofuata kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Wao walikuwa wameelewa jambo ambalo vitabu vya uchumi hulieleza kwa kurasa nyingi: ushuru ni mapatano. Anayetoa ana haki ya kuuliza, na anayepokea ana wajibu wa kujibu.

Vijana wa Juni 2024 ni wajukuu wa Lundha. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikusudia kukusanya Sh346 bilioni za ziada. Vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za mama, wakausambaza kwa simu. Tarehe 25 Juni wengine waliingia Bungeni Nairobi, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya wiki zile. Hapa Kisumu tuliona moshi kwa macho yetu. Ni damu nzito mno kuwa bei ya kusikilizwa kuhusu bajeti, na sitaki mtu yeyote katika ukumbi huu aizoee.

Lakini lazima niseme pia jambo ambalo halipendwi. Mswada uliondoka, deni halikuondoka. Serikali ilikata baadhi ya matumizi, na kwingine ikakopa. Kukataa ushuru mbaya ni haki yetu. Kuirejeshea hazina afya ni kazi ya pili, na hiyo bado hatujaifanya.

Tuliwahi kupona

Wanaosema Kenya haiwezi kubadilika wamesahau. Wakati wa uchaguzi wa 1992 fedha zilichapishwa bila kiasi, na kashfa ya Goldenberg ikalipa mabilioni ya umma kama fidia ya dhahabu ambayo haikuuzwa nje. Mwaka 1993 mfumko wa bei ulipita asilimia 40, na riba ya dhamana za serikali ikapita asilimia 70. Mliokuwa watu wazima wakati ule mnakumbuka bei ya unga. Miaka kumi iliyofuata tuliishi na mzigo wa riba ya kosa lile.

Kisha ikaja 2003. Mkakati wa kufufua uchumi wa mwaka ule uliandaliwa katika Wizara ya Mipango chini ya Profesa Anyang' Nyong'o, ambaye mwaka 2017 alichaguliwa gavana wa Kisumu. Mamlaka ya Ushuru, KRA, iliyokuwa imekusanya karibu Sh200 bilioni mwaka wa fedha 2002/03, ilizidi Sh400 bilioni mwaka 2007/08. Uchumi uliokuwa umekua kwa nusu asilimia tu mwaka 2002 ulifikia takriban asilimia 7 mwaka 2007. Riba zikashuka. Benki zikatoka ofisini kuwatafuta wateja wa kawaida. Deni likapungua likilinganishwa na pato la taifa, ingawa watoto walikuwa wameingia shule za msingi bila karo. Watu walilipa ushuru kwa sababu waliona darasa.

Mbona tuliugua tena? Kwa sababu tulitibu joto la mwili, vijidudu tukaviacha. Kashfa ya Anglo Leasing ilifichuka katika miaka ile ile ya nafuu: mikataba ya usalama na kampuni ambazo hata kuwapo kwake kulitiliwa shaka. Mei 2014, ili tuweze kuuza ile hatifungani ya kwanza, tuliwalipa wadai wa mikataba hiyo Sh1.4 bilioni kwa amri za mahakama za ng'ambo. Mkataba uliotiwa saini gizani uliturudia baada ya miaka zaidi ya kumi, na tukaulipa mchana.

Na hapa jirani, tazameni viwanda vya sukari. Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2001. Madeni yakaongezeka juu ya madeni, wakulima wakingoja malipo ya miwa. Mwaka 2023 Bunge la Taifa liliidhinisha kufutwa kwa madeni ya viwanda vya sukari vya umma, zaidi ya Sh100 bilioni. Mwaka 2025 Chemelil na Muhoroni vikakodishwa kwa wawekezaji kwa miaka 30. Huenda ni kheri. Ila tusidanganyane kuhusu neno kufuta. Deni lile limehama tu kutoka daftari la kiwanda hadi daftari la mlipa ushuru, na hakuna aliyeitwa kueleza lilivyofika pale.

Ng'ambo ya ziwa

Wenzetu wa Uganda walitoka mbali kuliko sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mfumko wao wa bei ulikuwa umepita asilimia 100. Mwaka 1992 Emmanuel Tumusiime-Mutebile, katibu mkuu wa Wizara ya Fedha, alisimamia kanuni ambayo bibi yeyote wa sokoni angeielewa: serikali itatumia kile kilichoingia, kisichoingia hakitumiki. Mawaziri walikasirika, kanuni ikashika, na baada ya miaka michache mfumko ulikuwa chini ya asilimia 10.

Jambo lao la pili ndilo ninalolipenda zaidi. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba katika kila shilingi 100 za ruzuku zilizotumwa kwa shule za msingi, ni 13 tu zilizofika shuleni. Wizara ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Baada ya miaka michache sehemu kubwa ya fedha ilikuwa inafika. Karatasi ukutani, na mzazi anayejua kusoma.

Mbali zaidi, Jamaica ilikuwa na deni la zaidi ya asilimia 140 ya pato lake la taifa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kufikia 2024 lilikuwa chini ya asilimia 75. Vyama viwili hasimu vilipokezana serikali bila kuuvunja mpango. Kamati yenye waajiri, wafanyakazi na asasi za kiraia ilitoa taarifa mara kwa mara kuhusu ahadi iliyotimizwa na iliyovunjwa. Maumivu yalikuwa makubwa, lakini kila mtu alijua yanakwenda wapi.

Sanduku la kufuli tatu

Hatuhitaji hata kuvuka ziwa. Jumamosi moja alasiri nilialikwa Nyalenda kwenye mkutano wa chama cha kina mama, wengi wao wauza omena. Sanduku la bati lilikuwa katikati ya duara. Lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanawake watatu, na hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Lilipofunguliwa, fedha zilihesabiwa kwa sauti, mbele ya wote, na katibu akasoma salio la wiki iliyopita kabla ya kuandika la wiki hii. Mama mmoja asiyejua kusoma alikuwa amelishika salio kichwani. Katibu alipokosea kwa shilingi hamsini, ni yeye aliyemrekebisha.

Kisha wakaja waombaji wawili. Wa kwanza alitaka mkopo wa kununua magunia ya omena kabla bei haijapanda. Aliulizwa: utauza wapi, utarudisha lini, nani atakudhamini? Akajibu, akapewa. Wa pili alikuwa amefiwa na shemeji yake, akataka mkopo wa matanga. Mwenyekiti alimjibu kwa upole: "Dada yangu, mkopo ni wa kitu kitakachorudisha. Msiba una mfuko wake." Akapewa mchango kutoka mfuko wa jamii, mdogo, bila deni. Nilikaa pale nikasikia sheria ya fedha za umma ya 2012 ikisomwa na mtu ambaye hajawahi kuishika. Sheria hiyo inasema kwamba katika kipindi cha kati, mikopo ya serikali itumike kugharimia maendeleo tu. Serikali yetu imekuwa ikikopa matanga. Wahenga walitwambia: kukopa harusi, kulipa matanga.

Dawa

Sasa niseme ninachoamini tufanye, na nitasema machache yanayoshikika.

La kwanza, bili zote zisizolipwa ziandikwe katika orodha moja ya wazi, taifa na kaunti, kila bili na tarehe yake, na ilipwe kwanza iliyotangulia. Anayeruka foleni aonekane. Bajeti mpya isianze mradi mpya kabla haijatenga fedha za orodha hiyo. Hii ndiyo njia ya haraka zaidi ya kurudisha fedha mikononi mwa watu kama yule fundi.

La pili, kila mkataba wa mkopo uchapishwe. Baadhi ya kurasa za mkopo wa SGR zilitolewa hadharani Novemba 2022, miaka mitano baada ya garimoshi kuanza safari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari. Mdai anayetaka siri ana jambo la kuficha, na hivyo hivyo mkopaji.

La tatu, hesabu zikaguliwe na kupitishwa kwa wakati. Katiba inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kutoa ripoti. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, hutoa ripoti, Bunge ndilo huchelewa kuzimaliza. Uchelewaji huu una gharama kwa Kisumu. Kaunti zimehakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na asilimia hiyo hupigwa juu ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Mwaka 2024/25 hesabu zilizotumika kwa kipimo hicho zilikuwa za 2020/21. Tunapimiwa dhamana yetu kwa kibaba cha zamani.

La nne, mtu awajibike kwa jina lake. Kifungu cha 226 kinasema afisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atalipa hasara, hata kama ameshaondoka ofisini. Kifungu hicho kimelala. Kiamshwe kwa kesi kumi tu, nanyi mtaona kalamu zinavyosita kabla ya kutia saini.

La tano, ushuru. Tusiendelee kumkamua mwenye payslipu na mnunuzi wa mkate kwa sababu wao ndio walio karibu. Misamaha ya ushuru inaigharimu hazina mamia ya mabilioni kila mwaka. Kila msamaha uwe na jina la aliyepewa, sababu, na tarehe ya kuisha. Na sisi tuliobaki nje ya wavu tulipe. Siwezi kudai daftari la wengine huku langu nimelificha.

Haya yote yatachukua miaka kumi na zaidi. Anayewaahidi nafuu kabla ya uchaguzi ujao anawauzia maji ya ziwa kama dawa. Lakini Katiba yetu imeandika katika Kifungu cha 201 kwamba mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali na ya mikopo ya umma igawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Yule mtoto wa Russia ametajwa humo.

Ndugu zangu, namalizia kwa ombi. Kila mwaka, kufikia tarehe 28 Februari, kila kaunti hutakiwa kuwasilisha katika bunge lake waraka wa mkakati wa fedha, na kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti. Kabla ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni. Ukumbi huwa nusu mtupu, na wanaokuja husubiri soda na nauli. Safari ijayo nendeni, jazeni viti, na muulize swali moja tu: mnadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini? Msipojibiwa kwa maandishi, rudini wiki ya pili, na ya tatu. Yule fundi bado ana bahasha yake chini ya godoro, na benki imempa mpaka mwisho wa mwaka.